Bata ameumwa vibaya: umwoshe na kitu gani, umpake nini, na lini umkimbize kwa daktari

Saa mbili usiku, Busia, upande wa Uganda. Mbwa alikuwa amepenya chini ya seng'enge na kumkamata bata wetu jike, Tunu, nyuma ya bawa la kushoto. Tulipotoka na tochi mbwa ameshakimbia, na Tunu amejikunyata kwenye pembe ya ukuta, kimya, mdomo wazi. Nilipoinua bawa nikaona ngozi imechanika kama mfuko wa karatasi uliolowa, upana wa vidole vitatu, nyama nyekundu iko nje. Pembeni palikuwa na matundu mawili madogo ya meno. Nusura niyapite.

Haikupita robo saa nikawa na washauri wanne. Shangazi alileta majivu ya jikoni. Jirani akaja na chupa ya Dettol. Kijana wa boda aliyekuwa anapita akasema mafuta ya taa ndiyo mwisho wa matata. Mama mwenye nyumba akatoa asali kabatini. Wote walinitakia heri, na kila mmoja alikuwa na kisa cha kuku au mbuzi aliyepona kwa dawa yake. Nikabaki nimeshika bata huku damu inanitiririka kiganjani, sijui nianze na lipi.

Naandika kwa ajili ya mtu aliye mahali nilipokuwa usiku ule. Tangu hapo nimewauguza bata wengine watatu: mmoja alikatwa na bati, mmoja aliumwa na kenge, mmoja alikuwa na kidonda cha wayo kilichochimbika. Nimekaa na madaktari wa mifugo nikawauliza maswali mpaka wakachoka. Msimamo wangu nausema mapema ili ujue ninapoelekea: kwenye kidonda kikubwa cha bata, kuosha kwa maji mengi kunashinda chochote utakachopaka. Na ile imani yetu kwamba dawa inayochoma ndiyo inayoponya imeua ndege wengi. Kinachochoma kinaua pia nyama ile ambayo ingeanza kupona.

Kabla ya dawa: damu na joto

Hapa hakuna cha kulinganisha sana. Damu ikitoka, chukua kitambaa safi, bonyeza, hesabu dakika tano bila kuchungulia. Bata wa kilo 3 ana damu ya mililita 200 hadi 300 tu mwili mzima, yaani chupa ndogo ya soda. Ukiona damu imeloweka kitambaa cha kwanza na cha pili, usisubiri asubuhi. Unga laini wa wanga au wa mahindi unafaa kuziba damu ya ukucha au ncha ya mdomo iliyovunjika, lakini usiumwage kwenye nyama iliyo wazi, kwa sababu utageuka uji na bakteria watakula humo.

Vaa glavu, au hata mifuko ya plastiki mikononi. Kama ni mbwa aliyeuma, manyoya yana mate yake, na kichaa cha mbwa kipo Uganda. Ukiwa na mchubuko mkononi na mate yakaugusa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kituo cha afya. Bata anaweza kusubiri dakika hizo.

Halafu joto. Mwili wa bata ni kama nyuzi 41, kwa hiyo ukimshika na ukaona miguu na mdomo vimepoa, ameingia kwenye mshtuko. Jaza jerikeni ndogo maji ya moto, ifunge kwa taulo, iweke upande mmoja wa boksi ili aweze kuisogelea au kuikimbia. Zima taa. Watoto wasimzunguke. Na unapomshika usimbane kifua: ndege hana kiwambo kama chetu, anapumua kwa kupandisha na kushusha kidari. Mtu mwenye huruma nyingi anaweza kumkaba bata kwa kumkumbatia.

Kuosha: maji ya chumvi na vyote vinavyoshindana nayo

Maji ya chumvi ni haya: lita moja ya maji yaliyochemka na kupoa hadi uvuguvugu, na chumvi gramu 9, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu kilichosawazishwa kwa kisu. Kiasi hicho kinakaribia chumvi iliyomo mwilini, ndiyo maana hakichomi. Wanaotia vijiko vinne "ili iue wadudu" wanarudi kulekule kwenye imani ya kuchoma. Ukiwa na pesa kidogo, famasi wanauza chupa za dripu ya chumvi ya asilimia 0.9, nazo ni safi zaidi kuliko chochote utakachopika jikoni. Soma lebo kabla ya kutoka dukani, usije ukapewa ya glukosi.

Namna ya kuosha ni muhimu kuliko chupa. Sirinji ya mililita 20 isiyo na sindano, unasukuma maji kwa mshazari, yaingie upande mmoja yatokee mwingine, nusu lita hadi lita nzima. Kwa Tunu nilitumia lita na robo. Maji ya mwanzo yalitoka na mchanga, vinyoya, na kitu kama jani lililosagika. Sirinji ya nane ndiyo ilianza kutoa maji meupe. Kama ningepaka asali kabla ya hapo, ningekuwa nimeufunika uchafu wote ule kwa kitu kitamu.

Huna chumvi wala muda wa kuchemsha? Maji safi ya kunywa yanatosha kwa mara ya kwanza. Ni afadhali uoshe sasa hivi kwa maji ya bomba kuliko kusubiri saa mbili upate yaliyo bora.

Iodini, ile ya kahawia ya asilimia 10, ni mshindani wa kweli, lakini baada ya kuzimuliwa. Sehemu moja ya dawa kwa maji sehemu kumi au zaidi, mpaka ipate rangi ya chai ya rangi iliyo nyepesi. Naitumia siku ya kwanza na ya pili kwenye jeraha la meno au lililoingia udongo, kisha nasuuza kwa maji ya chumvi. Ikimwagwa nzito kila siku inachelewesha kupona. Klorheksidini ni nzuri pia na inakaa kwenye ngozi muda mrefu kuliko iodini, ila hesabu yake haina mchezo: ile ya asilimia 4 inazimuliwa mara 80, yaani vijiko vya chai viwili na nusu kwa lita ya maji, na isifike machoni wala masikioni. Jeli ya klorheksidini ya kitovu cha mtoto ni kitu kingine kabisa, ni asilimia 7.1. Usiipake kwenye nyama.

Haidrojeni peroksaidi inapendwa kwa sababu ya povu. Povu lile ni kweli linatoa uchafu, lakini linaunguza chembe hai pamoja na bakteria, na kwenye tundu la jino hewa yake inasukumwa ndani. Mimi niliacha kuitumia. Dettol na spiriti ni za sakafu na za mikono yako, si za nyama ya bata. Majivu hayako safi hata yakitoka jikoni kwa mama, yanakausha, yanashikamana, na siku ya tatu utalazimika kuyakwangua pamoja na nyama mpya. Mafuta ya taa ni sumu. Bata anajinyoosha manyoya kwa mdomo kutwa nzima, kwa hiyo atayameza yote uliyompaka.

Jambo moja la hatari ambalo halihusu dawa hata kidogo. Ndege ana vifuko vya hewa ndani ya mwili, na baadhi ya mifupa yake, ukiwemo wa juu wa bawa, imeunganishwa navyo. Ukiona mapovu yanatoka kwenye jeraha anapopumua, au jeraha ni tundu la ubavuni ambalo huoni mwisho wake, usisukume maji humo. Utamzamisha akiwa mikononi mwako. Funika kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya chumvi na umpeleke kwa daktari.

Kupaka: asali, iodini, krimu ya silva, dawa ya bluu

Asali inashinda, kwa maoni yangu, kwenye jeraha lililo wazi, lenye unyevu, lisiloweza kushonwa. Inanyonya maji kutoka kwa bakteria, ina asidi, na ikichanganyika na majimaji ya jeraha inatengeneza peroksaidi kidogo kidogo, kiasi ambacho nyama inastahimili. Tena haigandi na shashi, kwa hiyo unapobadilisha huchomoi nyama mpya. Hospitali za binadamu pia zinatumia asali iliyosafishwa kwa mionzi kwenye vidonda sugu.

Shida ya kwanza ni kuipata. Nyingi za barabarani zimechanganywa na sukari iliyochemshwa, na majaribio yetu ya njiti ya kiberiti au tone kwenye glasi ya maji hayathibitishi kitu. Mimi nanunua ikiwa bado kwenye masega, au kwa mtu anayeleta kutoka West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, ambaye namjua miaka. Usiipashe moto ili ilainike, joto linaua kile kinachotengeneza peroksaidi. Ukiikosa kabisa, sukari nyeupe iliyolowanishwa kidogo ikawa kama unga mzito inafanya sehemu ya kazi, ila inayeyuka haraka, utabadilisha mara tatu au nne kwa siku.

Shida ya pili hakuna aliyeniambia: sisimizi. Usiku wa pili niliamka saa tisa, nikawasha tochi, nikakuta mstari mweusi umepanda ukutani hadi kwenye boksi, na Tunu anatikisa bawa bila kutoa sauti. Sitasahau jinsi alivyokuwa ananitazama. Tangu siku hiyo boksi linakaa juu ya kiti cha plastiki, kila mguu wa kiti ndani ya kopo lenye maji na sabuni. Asali isiyofunikwa kwa shashi na bandeji, katika nchi yetu, ni mwaliko kwa sisimizi na nzi. Ukishindwa kufunika sehemu ile, chagua kitu kingine.

Na hicho kingine ni krimu ya silva, ile nyeupe ya watu walioungua moto. Ni nzuri kwa jeraha pana lisilo na kina, kama aliyeburutwa au kuchunwa ngozi. Haiumi, haivutii wadudu. Hasara yake inalowesha manyoya ya jirani, na bata mwenye manyoya yaliyoshikana hawezi kuhifadhi joto, kwa hiyo paka nyembamba, ndani ya mipaka ya jeraha tu. Mafuta mazito ya kujipaka yana kasoro hiyohiyo, mara mbili.

Ukiwa famasi soma majina kwenye mrija, hata kama muuzaji ana haraka. Jina linaloishia na "kaini" ni ganzi, na ndege huathirika nayo kwa kiasi kidogo sana. Jina linaloishia na "soni" au "soloni" ni steroidi. Hizi zimejaa kwenye mirija ya mseto inayouzwa kwa kila upele, na zinazuia jeraha lisifunge huku zikishusha kinga ya ndege. Mrija wenye lolote kati ya hayo uache kaunta.

Dawa ya bluu ya kupuliza, ile ya dukani kwa mifugo, ina nafasi yake: mchubuko, utando wa vidole uliochanika, au jeraha lililokwisha kuanza kukauka. Faida yake kubwa ni rangi. Bata wenzake wakiona wekundu wanadonoa, wakiona bluu wanapita. Kwenye shimo la jino, hata hivyo, inakausha juu na kukuficha kinachoendelea chini. Na usimpulizie moja kwa moja karibu na kichwa, mapafu ya ndege hayavumilii mvuke. Pulizia kwenye pamba ukiwa mbali naye, kisha mguse nayo. GV, ile dawa ya maji ya zambarau ya kupaka vidonda, naiacha kabisa. Inaficha rangi ya nyama, nami nahitaji kuiona, na kwa ndege ambaye mayai yake yanaliwa sitaki kuitumia.

Kuhusu rangi, hili lilinitisha bure: siku ya tatu ngozi ya Tunu kuzunguka jeraha ilikuwa ya kijani kibichi. Shangazi alisema ameoza, tumchinje. Haikuwa hivyo. Vilio vya damu vya ndege vinageuka kijani baada ya siku mbili tatu, kama vyetu vinavyokuwa vya zambarau na njano, na vinaondoka vyenyewe. Nyama iliyooza ni nyeusi au ya kijivu, baridi, na inanuka hata ukiwa umesimama. Nyama inayopona ni nyekundu, ina punje punje, inang'aa, na ukiigusa kwa shashi inatoa kitone cha damu.

Kufunga au kuacha wazi

Wanaosema "acha kipate hewa" wanazungumzia mkwaruzo. Nyama iliyo wazi ikikauka inakufa, na nzi wa mchana mmoja wanatosha kuharibu wiki nzima ya kazi. Mayai ya nzi ni kama chembe ndogo ndefu nyeupe zilizobanana kwenye manyoya, na kwa joto letu yanaangua ndani ya siku moja. Ukiona funza, watoe kwa kibano mmoja mmoja, suuza kwa maji ya chumvi ya vuguvugu mpaka wasitokee tena, rudia baada ya saa chache. Usitie dawa ya kupe wala ya kunguni. Wakiwa wengi au wamezama ndani, daktari anazo dawa za kuwaua bila kumuua bata.

Mguu na wayo unafungika vizuri: shashi yenye dawa, pamba, bandeji inayojishika yenyewe, na soksi ya mtoto juu. Ubadilishe kila siku, na mara moja ikilowa, maana bandeji yenye maji machafu ni mbaya kuliko kutokufunga. Bawa linafungwa likiwa limekunjwa katika hali yake ya kawaida. Nililegeza la Tunu kila siku kwa dakika chache, nikalikunjua polepole, lisije likakakamaa.

Kifua na mgongo ni vigumu. Bandeji ya kuzunguka mwili lazima iruhusu vidole viwili kuingia chini yake, na bado umtazame dakika kumi anavyopumua. Kwa bata wa kenge, aliyeumia mgongoni, niliishia kutumia kipande cha fulana kuukuu chenye matundu ya mabawa. Kilikaa vizuri kuliko bandeji ya famasi.

Manyoya yaliyozunguka jeraha yatolewe kwa upana wa kidole. Kukata ni salama kwa ngozi iliyochanika, lakini unyoya uliokatwa hauoti mpaka bata anyonyoke kwa msimu wake. Uliong'olewa unaanza kurudi mara moja. Mimi nakata karibu na mchaniko na kung'oa taratibu kidogo mbali nao.

Kushona

Usishone nyumbani. Jeraha safi la bati au wembe linaweza kushonwa na daktari, na anapenda kulipata ndani ya saa sita hadi nane. Jeraha la meno mara nyingi haifai kulifunga hata likiwa jipya, kwa sababu unafungia ndani kilichoachwa na jino. Usaha wa ndege hautiririki kama wetu. Unakuwa mgumu, wa njano, mkavu kama ugali wa jana, na hauwezi kutoka wenyewe kwa tundu dogo, lazima utolewe. Ndivyo ilivyokuwa kwa yule wa wayo: tulidhani kimepona kwa sababu juu palikuwa na kigaga cheusi, kumbe chini pana donge ukubwa wa punje ya harage. Gundi kali ya dukani nayo ina tatizo hilohilo la kufungia uchafu, na inaunguza.

Nyumbani au kwa daktari

Nafahamu hali zetu. Daktari wa mifugo wa karibu anaweza kuwa amezoea ng'ombe na nguruwe, na watu watakucheka ukipanda boda na bata kwenye kikapu. Kwenda Kampala kutoka kwetu ni kama kilomita 200. Lakini ulinganisho wa nyumbani na kwa daktari hauko kwenye kuosha na kupaka, hayo utayafanya wewe hata akitibiwa na profesa. Daktari ana vitu vitatu ambavyo huna: antibiotiki ya kipimo sahihi, dawa ya maumivu ya ndege, na mkono wa kufika ndani ya mwili.

Paka akimuuma bata, hata kwa tundu lisiloonekana, nenda siku hiyohiyo. Mdomo wa paka una bakteria wanaoweza kuingia kwenye damu ya ndege na kumuua kwa siku moja au mbili huku jeraha likionekana dogo. Nenda pia kama mfupa unaonekana, bawa linaning'inia, mapovu yanatoka, utumbo uko nje, hasimami, au hajala wala kunywa kwa saa 24. Ukipigwa na harufu mbaya siku yoyote ile, nenda.

Antibiotiki ya unga ya kuchanganya kwenye maji, inayouzwa kila duka la mifugo, ndiyo watu wanayokimbilia. Naielewa, ni rahisi. Ila bata mgonjwa hanywi vya kutosha kupata kipimo, na kama ni oksitetrasaiklini na anakula chakula cha kutaga chenye chokaa nyingi, chokaa inaifunga dawa tumboni. Sindano au kidonge cha daktari, kwa uzito uliopimwa kwa mizani, ni hesabu tofauti kabisa. Muulize mayai yatupwe siku ngapi, na uzitii siku hizo hata kama anataga kila asubuhi.

Kwa maumivu, usimpe vidonge vya nyumbani. Diklofenaki, ambayo iko katika kila duka la dawa, ndiyo iliyokaribia kuwamaliza tai wa India, Pakistan na Nepal waliokula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa nayo. Figo zao zilikufa. Nchi hizo ziliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006, na meloksikamu ikachukua nafasi yake kwa kuwa tai waliivumilia. Meloksikamu hiyohiyo ndiyo madaktari wengi wanawapa ndege wa kufugwa. Mtajie jina, asipokuwa amewahi kumtibu bata atashukuru kukumbushwa. Mpelekee uzito, picha za jeraha za kila siku na jina la kila ulichopaka. Ukiwa Kampala au karibu, chuo cha tiba ya mifugo cha Makerere ni mahali pa kuanzia kuulizia.

Daktari wa kwanza niliyempigia aliniambia bata ni kitoweo, nisimsumbue. Iliniuma. Wa pili, wa Tororo, aliniuliza ana kilo ngapi na amekula saa ngapi, nikajua nimefika. Akikukatalia mmoja, piga tena.

Bandani, bwawani au ndani ya nyumba

Ndani, siku saba za mwanzo angalau. Asiogelee mpaka ngozi ifunge, kwa maana maji ya bwawa ni kinyesi kilichoyeyuka. Wengine wanakosea upande wa pili, wanamnyima maji. Bata lazima azamishe mdomo mpaka puani ili asafishe pua na macho, na bila maji chakula kikavu kinamkaba. Kopo la kina lenye mdomo mwembamba linampa hayo bila kumpa nafasi ya kujirusha ndani.

Chini pasiwe na maranda wala maganda ya kahawa tunayowawekea kuku, yanaingia kwenye jeraha na kushika. Shuka kuukuu, ibadilishwe asubuhi na jioni. Mwenzake mmoja mpole akae upande wa pili wa wavu wanaonane. Bata akiwa peke yake anaacha kula, nimeliona mara mbili.

Ratiba ya Tunu ilikuwa kuosha mara mbili kwa siku kwa siku nne, kisha mara moja. Asali siku kumi na moja, baadaye krimu ya silva nyembamba, mwishoni dawa ya bluu ili wenzake wasimdonoe. Antibiotiki siku saba na dawa ya maumivu siku nne, zote kutoka kwa yule wa Tororo. Siku ya tano matundu mawili ya meno ndiyo yaliyonisumbua, si ule mchaniko mkubwa: moja lilikuwa limejiziba na chini yake pamevimba. Daktari alilifungua, akatoa kipande kigumu cha usaha na unyoya mzima uliokunjamana ndani, uliosukumwa na jino. Siku ya 26 nilimwekea beseni uani. Alisimama pembeni kwa muda, akachovya kichwa, akajimwagia maji mgongoni mara tatu, kisha akaingia. Pale palipokuwa wazi palikuwa na ngozi ya waridi, na ncha za manyoya mapya zilikuwa zimeanza kutokeza.